Maharagwe, Kikapu na Joto Linalotoroka

Kama wewe ni mwanafunzi wa shule ya kutwa kama mimi, bila shaka waijua saa kumi na moja na nusu ya jioni. Umetoka shuleni, umepanda vilima viwili, viatu vimejaa udongo mwekundu, na kabla hujaweka mfuko chini unasikia, "Tia maharagwe motoni." Maharagwe yenyewe ni magumu kama kokoto. Yakiiva mapema ni saa mbili na nusu ya usiku. Wenzetu wa bweni wakati huo wako darasani wanasoma, nawe uko jikoni unapuliza moto huku machozi yakikutoka kwa moshi. Ukimaliza kula, hesabu za mwalimu zinakungoja na usingizi pia unakungoja, na si utani, usingizi ndio hushinda.

Makala haya yanahusu jinsi joto linavyohama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Mada hii tuliisoma kidato cha kwanza, tukaikariri, tukaijibu mtihanini, tukaisahau. Mimi niliikumbuka mwaka huu kwa sababu ya kuni. Kwetu ni upande wa Kebirigo, kaunti ya Nyamira. Mashamba ni madogo, chai imechukua nafasi kubwa, na mikaratusi iliyobaki inatakiwa na kila mtu. Hata viwanda vya chai hununua kuni za kuchemshia maji ili kupata mvuke wa kukaushia majani. Kwa hivyo mzigo wa kuni ni pesa, na pesa hiyo ndiyo hiyo ya karo.

Basi twende jikoni kwa nyanya tukaone. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba joto hutoka penye joto zaidi na kwenda penye joto kidogo. Watu husema, "Funga mlango baridi isiingie." Kumbe kinachofanyika hasa ni kwamba joto la nyumbani linatoka! Nalo lina njia tatu za kutorokea.

Njia ya kwanza ni mpitisho. Tumbukiza kijiko cha chuma katika uji unaochemka, ukishike baada ya dakika moja, utakiachilia bila kuambiwa. Lakini mwiko wa mbao waweza kusongea ugali mpaka mwisho na mkono usiungue. Chembechembe za chuma hupokezana joto kama mafundi wanaorushiana matofali: kila mmoja anabaki mahali pake, tofali ndilo linaloenda. Alumini ya sufuria zetu hupitisha joto karibu mara tatu kuliko chuma. Hewa iliyotulia, kwa upande mwingine, hupitisha kidogo mno, maelfu ya mara chini ya alumini. Ndiyo maana wazee wetu wa Kigusii waliufuma ule ukuta wa ekee kwa ufundi. Ekee ni kikapu cha kutilia ugali wa wimbi. Ndani ya ufumaji wake kumenaswa hewa, na hewa hiyo haina pa kwenda, kwa hivyo ugali unakaa moto hadi wageni wafike. Nyanya hakusoma fizikia hata siku moja, lakini hajawahi kunipa ugali baridi.

Njia ya pili ni msafara. Hapa chembe zenyewe husafiri na joto lao. Maji ya chini ya sufuria yakipata moto hutanuka, huwa mepesi, hupanda juu, na yale ya baridi hushuka kuchukua nafasi yao. Moshi nao hupanda kwa sababu hiyo hiyo. Ukiacha sufuria bila kifuniko, hewa ya moto na mvuke huondoka na joto ulilolinunua kwa kuni zako.

Ya tatu ni mnururisho. Asubuhi ya mwezi wa Julai, wakati ukungu umefunika mashamba ya chai, kaa mbele ya moto. Magoti yanaungua na mgongo unatetemeka! Joto hilo halikuja kwa hewa, maana hewa ya moto inapanda juu. Limekuja moja kwa moja kama mwanga, na ndivyo joto la jua linavyotufikia likipita mahali pasipo na kitu chochote. Kitu cheusi hulipokea na kulitoa upesi, kitu kinachong'aa hulirudisha.

Mwaka 1892 mwanasayansi James Dewar alitengeneza chupa yenye kuta mbili, akaondoa hewa katikati ili mpitisho na msafara vikose njia, na baadaye kuta zikapakwa rangi ya fedha ili mnururisho urudishwe. Ndiyo babu wa thamosi ya chai iliyo mezani kwenu. Lakini hata kabla ya hapo, katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, watu wa Norway walileta sanduku lililojazwa vitu vya kuzuia joto. Chakula kikichemshwa kidogo huwekwa humo, nacho hujiivia bila moto. Hapa Kenya vikundi vingi vya akina mama vimefundishwa kutengeneza kitu hicho kwa kikapu cha kawaida.

Niliposikia habari hizo nilisema, haya ndiyo maisha! Nikachukua kikapu kikubwa, nikakijaza majani makavu ya migomba, nikakata blanketi kuukuu (bila ruhusa, nakiri). Alfajiri nikaweka maharagwe mekundu motoni. Povu la kwanza tu lilipotokea, nikatoa sufuria, ikiwa nusu tupu, nikaifukia kikapuni na kwenda shule nikijiona profesa.

Jioni maharagwe yalikuwa yamevimba vizuri lakini ni vuguvugu, na ukiyatafuna yanakwaruza kidogo. Mama alikuwa amechelewa kutoka kuchuma chai na kila mtu alikuwa na njaa. Tukayakaanga kwa kitunguu juujuu, tukala. Saa mbili hazikupita, mdogo wangu akaanza kutapika. Kisha nyanya. Kisha mimi mwenyewe. Jirani aliyesikia kelele akaja, na badala ya kuuliza tumekula nini, akaanza kuuliza ni nani aliyepita hapa mchana na kukitazama chakula chetu. Akamtaja mama mmoja mzee anayeishi peke yake huko chini mtoni. Msomaji, unajua maneno kama hayo yanaweza kufika wapi katika sehemu zetu hizi. Tumbo lilikuwa linanikata lakini nilisema kwa sauti, "Ni mimi. Ni maharagwe yangu hayakuiva." Mama akanitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Hiyo fizikia yenu iache shuleni."

Asubuhi tulikuwa wazima, ila wanyonge. Niliporudi kwa mwalimu wetu wa sayansi alinieleza kitu ambacho sikukisoma katika mada ya joto. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili iitwayo lektini. Kuchemka kwa nguvu huiharibu. Joto la vuguvugu haliiharibu, na maharagwe yaliyopikwa nusunusu huweza kudhuru kuliko hata mabichi. Tena huku kwetu juu hewa haitukandamizi sana kama pwani, kwa hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mombasa ni 100. Mjini Kisii, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 94. Nilipoazima kipimajoto cha maabara nikapima kwetu, kilisimama kwenye 93, na hata nilipoongeza kuni hakikupanda. Hapo ndipo nilipojua tunavyopoteza. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauongezi joto la maharagwe, unageuza tu maji kuwa mvuke. Ile bidii yetu yote ya kusukumiza kuni inaishia paani.

Nikapiga hesabu tuliyojifunza kidato cha tatu. Kilo 4 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 93: 4 × 4,200 × 73, unapata jouli 1,226,400. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kama jouli milioni 15. Yaani kama hakuna joto ambalo lingetoroka, kijiti cha gramu 82 kingetosha kuchemsha sufuria hiyo! Nilimwonyesha mama kijiti hicho. Hakucheka, lakini alikishika.

Alinikubalia nijaribu tena kwa masharti yake, akisimamia mwenyewe. Maharagwe yalilala majini usiku kucha na maji hayo yakamwagwa. Yalichemka kwa nguvu nusu saa nzima, nami nikaongeza dakika kumi kwa ajili ya vilima vyetu. Sufuria ilijaa karibu na mdomo, maana sufuria iliyojaa ina joto jingi la kutunza na hupoa polepole. Nilipangusa chini yake vizuri; kaa moja likibaki hapo na majani makavu, utapika kikapu chenyewe. Majani niliyashindilia yakawa na unene wa kiganja pande zote, na juu mto uliojazwa vivyo hivyo. Majani yaliyolegea huacha hewa itembee, na hewa inayotembea ni msafara. Kisha hakuna kufungua. Mdogo wangu alitaka kuchungulia mara tatu.

Baada ya saa tatu nilipima, nyuzi 79. Maharagwe yakawa laini kiasi cha kupondeka kwa ulimi. Siku hizi nyanya hula yake mchana yangali moto, na yanayobaki tunayachemsha upya jioni mpaka yatokote, kwa sababu chakula kilichokaa vuguvugu kutwa nzima huzalisha vijidudu. Moto tunauwasha kama saa moja hivi asubuhi badala ya saa tatu usiku. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku tatu sasa unafika siku ya tano.

Nyanya analalamika kwamba maharagwe hayana tena ile harufu ya moshi. Mama amekata nusu ya pili ya blanketi akatengeneza kikapu cha pili, akampelekea yule mama mzee wa mtoni. Mdogo wangu naye anakula, lakini kwanza anangoja nimeze mimi, anahesabu mpaka ishirini, ndipo anachukua kijiko chake.