Usizunguke Mji Mzima: Vidokezo 9 vya Kumpata Mtaalamu wa Afya ya Akili Karibu Nawe

Jino likiuma, unajua pa kwenda. Mguu ukiteguka, kuna jirani atakayekutajia mkandaji kabla hujamaliza kulalamika. Lakini usiku wa tatu huna usingizi, moyo unakwenda mbio kama umefukuzwa na mbwa, machozi yanakutoka jikoni na vitunguu vyenyewe bado hujavimenya. Hapo unamuuliza nani? Wengi tunaiuliza simu, nayo inatuletea kliniki ya London.

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu kutafuta msaada hapa Dar es Salaam. Tulizunguka wiki tatu. Huduma, kumbe, ilikuwa vituo viwili vya daladala kutoka nyumbani kwake! Ili wewe usichome nauli kama sisi, haya hapa tuliyojifunza.

1. Gonga kwanza mlango wa jirani

Ukitaja akili tu, Watanzania tunaruka moja kwa moja hadi Dodoma: "Huyu wa kupelekwa Mirembe!" Hospitali ya Mirembe ipo tangu mwaka 1927 na kazi yake ni kubwa, lakini kumkimbiza huko mtu mwenye sonona ambaye hajaonwa popote ni sawa na kukodi winchi inyanyue ndoo ya maji. Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Sonona, wasiwasi uliopitiliza, hata kifafa, mara nyingi tiba yake huweza kuanzia hapo hapo. Wakiona jambo limewazidi, watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, na kutoka huko njia inaendelea: Muhimbili, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Unguja, watu wanaijua hospitali ya Kidongo Chekundu.

Ile barua ya rufaa itunze kama cheti cha ndoa, maana watu wa bima huwa wanaiulizia.

Na kabla hujatoka nyumbani, uliza swali moja: "Kliniki ya akili ni siku gani?" Hospitali nyingi zimeitengea siku zake maalumu. Sisi tulifika Jumatatu, tumevaa vizuri, tumebeba na maji ya kunywa. Kliniki ilikuwa Jumatano.

2. Nani ni nani humo ndani?

Majina ni mengi, lakini hayachukui dakika moja kuyajua. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyebobea. Anapima, anaandika dawa, analaza inapobidi. Mwanasaikolojia tiba kazi yake ni mazungumzo yenye mpango: mnakutana mara kadhaa, anakufundisha namna ya kuyashika mawazo yanayokuzungusha, na kwa kawaida haandiki dawa. Mshauri nasaha anakusaidia kupita kwenye tatizo fulani, kama msiba, ndoa au majibu ya vipimo. Kisha kuna muuguzi wa afya ya akili, ambaye kwenye hospitali nyingi za wilaya ndiye nguzo ya kliniki nzima. Mabingwa nchini ni wachache mno, kwa hiyo ukipelekwa kwa muuguzi usinune. Huenda ndiye anayekijua chumba kile kuliko yeyote.

3. Weka namba mbili kwenye simu, sasa hivi

Piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo. Uliza huduma ya afya ya akili iliyo karibu nawe, nao wakuelekeze. Ya pili ni 116, ya watoto: mtoto anayepigwa, aliyebakwa, au aliyenyamaza ghafla na humwelewi. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ziandike pia nyuma ya mlango wa jikoni, maana simu huzima chaji siku ile ile unayoihitaji.

4. Dirishani, sema maneno saba tu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo tulipokwama sisi. Picha ilikuwa hivi: dirisha la mapokezi, kioo chenye tundu dogo, nyuma yetu mabenchi yamejaa. Kijana wa mapokezi, bila ubaya wowote, akauliza kwa sauti ya kuuza samaki soko la Feri: "Mama, unaumwa nini?" Benchi zima likanyamaza. Hata kitoto kilichokuwa kinalia kikanyamaza, naapa. Shangazi akanitazama, akakitazama kioo, akajibu: "Mgongo."

Tukatoka na dawa za maumivu na faili linalosema mgongo. Mgongo wake ni mzima, mpaka leo anabeba ndoo kichwani!

Sasa, maneno saba ni haya: "Naomba kuelekezwa kliniki ya afya ya akili." Basi. Hudaiwi maelezo mengine dirishani. Ukiona hata hayo saba ni mazito, yaandike kwenye karatasi, uipenyeze kwenye lile tundu pamoja na kitambulisho. Au mwite muuguzi anayepita, mwambie, "Nina jambo la faragha." Hajaanza kulisikia kwako.

Ukiingia chumbani, hapo ndipo useme kwa urefu, na useme dalili. Sisi tukiumwa moyoni tunasema "kichwa kinawaka moto", "mwili umekufa ganzi", "presha inapanda". Daktari mwenye foleni ya watu arobaini atapima presha, ataikuta nzuri, atakuruhusu. Mwambie silali, hii ni wiki ya pili, chakula hakipiti, kazi imenishinda, nilichokuwa nakipenda sikitaki tena. Wiki mbili mfululizo za hali hiyo, karibu kila siku, ni kipimo ambacho wataalamu wenyewe wanakitumia kwa sonona. Ukiitaja, kalamu itaanza kuandika.

5. Beba mfuko wa dawa zote

Zote! Za presha, za kisukari, za uzazi wa mpango, na ile chupa ya mitishamba uliyoificha nyuma ya kabati. Baadhi ya dawa huchezea usingizi na hisia. Waliowahi kutumia efavirenzi kwenye ARV wanazikumbuka zile ndoto. Tena kuna magonjwa ya mwili yanayojifanya ya akili: tezi ya shingo ikienda kombo inaweza kukuletea uchovu na huzuni, na upungufu wa damu unakuacha huna nguvu hata ya kuchana nywele. Kwa hiyo ukiambiwa ukapime damu, usidhani wanakukwepa. Wanaondoa washukiwa mmoja mmoja.

6. Uliza bei kabla ya kukaa kitini

Hakuna aibu. Kama una bima, uliza inalipia nini: kumwona daktari, dawa, na vile vikao vya mazungumzo. Hivyo vya mwisho ndivyo huachwa nje mara nyingi. Kama huna bima na mfuko umetoboka, mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Yeye ndiye anayeshughulikia msamaha wa matibabu kwa wasio na uwezo, na ofisi yake mara nyingi ni kile chumba kidogo mwisho wa korido ambacho kila mtu anakipita. Uwe tayari kuulizwa barua ya serikali ya mtaa. Mwanafunzi wa chuo? Ulizia ofisi ya ushauri nasaha ya chuoni kwako kabla hujauza simu. Na nyumba yenye kijana aliyetekwa na heroini ijue kwamba tiba ya methadoni kwenye kliniki za serikali hutolewa bure. Muhimbili walianza mwaka 2011, na kliniki zimeongezeka tangu hapo.

7. Sheikh, mchungaji na daktari wakae meza moja

Tusidanganyane: familia nyingi zimeshapita kwa mganga, kwenye maombi au kwenye kisomo kabla ya kuiona hospitali. Shangazi alikuwa na kombe la kunywa na mafuta ya upako kwa wakati mmoja, kwa tahadhari. Hilo usiligeuze ugomvi. Ukimwambia mtu achague kati ya dua na dawa, atachagua dua na atakukasirikia juu yake. Mwombe kiongozi wake wa dini aseme mwenyewe kwamba dawa nayo ni sababu aliyoiweka Mungu. Wengi wao wanalisema vizuri kuliko sisi, na wengine watajitolea kumsindikiza. Pale unapotakiwa kuwa mkali ni mahali pamoja tu: minyororo, fimbo, kumnyima mgonjwa chakula, au amri ya kuacha dawa za hospitali. Hapo chukua mtu wako, ondoka.

Ukali huo huo uwatumie na "madaktari" wa mitandaoni. Mtu anayekuahidi kukumalizia wasiwasi kwa siku tatu, malipo kwanza, muulize kasomea wapi na leseni yake ni ya baraza gani. Daktari wa kweli amesajiliwa na Baraza la Madaktari, na jina lake linaweza kutafutwa. Anayekasirika kwa kuulizwa swali hilo ameshakujibu.

8. Hili moja halingoji foleni

Hapa sitanii. Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga kiajabu ajabu, usingoje Jumatano ya kliniki. Muulize waziwazi, kwa upole: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Usimwache peke yake. Dawa na sumu za nyumbani ziondoke mikononi mwake, apewe mtu mwingine azitunze. Kisha mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu, idara ya dharura, usiku au mchana. Ni vivyo hivyo kwa mtu anayesikia sauti zinazomwamrisha ajidhuru au amdhuru mtu, au ambaye hajalala siku kadhaa na anaongea bila kituo. Nenda na ndugu anayeheshimika kwake. Umati wa mtaa mzima utamtisha tu.

9. Ukimpata, mpe muda, na usiogope kubadilisha

Dawa nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi nne ndipo uanze kuziona zinafanya kazi, wakati mwingine zaidi, ilhali kinywa kukauka na usingizi wa ajabu vinaweza kuja wiki ya kwanza. Ndiyo maana wengi wanazitupa siku ya tano! Vumilia, na ukitaka kuacha mwambie aliyekuandikia, zipunguzwe taratibu. Vikao vya mazungumzo navyo si sindano. Cha kwanza ni kufahamiana tu. Ukifika cha tatu na bado unaona unaongea na ukuta, omba mwingine. Ni haki yako, na mtaalamu mzuri hanuni. Unakaa mbali? Uliza kama baadhi ya vikao vinaweza kuwa kwa simu, na kama dawa za miezi miwili zinaweza kutolewa kwa mpigo. Tarehe ya kurudi iandike kwenye simu yako na ya mtu mmoja mbishi wa familia, yule asiyekubali visingizio.

Kwa shangazi, huyo mbishi ni mimi. Kikao cha kwanza alitoka amenuna. Cha pili alitoka anasema muuguzi ni mtoto mdogo, atamwambia nini yeye aliyezika mume. Cha tatu akakaa humo saa nzima, akatoka macho mekundu, akaniambia, "Huyu binti anasikiliza kuliko ninyi wote," kisha akataka tupitie mahindi ya kuchoma.

Safari iliyofuata tulikuta dirisha lile lile, kijana yule yule, sauti ile ile ya Feri. "Mama, unaumwa nini?" Shangazi akarekebisha mtandio, akasema maneno yake saba, tena kwa sauti ya kumzidi. Benchi likanyamaza kama mwanzo. Kisha mzee mmoja mwenye kofia, nyuma yetu, akasogea dirishani na kadi yake mkononi.

"Na mimi," alisema, "huko huko anakokwenda mama."