Lily Bart na deni lake

Nilipokuwa Chuo Kikuu nilisoma The House of Mirth, riwaya ya mwanamke wa Kimarekani, Edith Wharton, iliyotoka mwaka 1905. Niliimaliza kwa haraka, nikaitia katika fungu la hadithi za mabibi wa kitajiri wasio na kazi. Hivi karibuni nimeirudia, na nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilimhukumu vibaya Lily Bart.

Wharton hakuandika habari za kusikia. Alizaliwa New York mwaka 1862 miongoni mwa matajiri hao hao, akijua nani hualikwa na nani hufungiwa mlango. Lily ni yatima wa miaka 29, mzuri wa sura, anayeishi kwa shangazi yake mjane. Hana mali wala fani. Alichofunzwa ni kujipamba ili aolewe na tajiri. Basi inambidi akae na matajiri, na kukaa nao kuna gharama: nguo, bakshishi za watumishi, na karata za usiku ambazo ni kamari tupu.

Hapo ndipo anaponaswa. Mume wa rafiki yake, Gus Trenor, anajitolea kumzungushia fedha katika soko la hisa. Lily anapokea maelfu ya dola akidhani ni faida yake halali. Usiku mmoja Trenor anamhadaa aende nyumbani kwake, kisha anadai malipo yasiyo ya fedha. Binti anaondoka salama, lakini ameshajua kwamba kumbe anadaiwa karibu dola 9,000. Uvumi unamfikia shangazi. Anapofariki, sehemu kubwa ya mali inakwenda kwa jamaa mwingine, na Lily anaachiwa dola 10,000 tu.

Mwalimu mwenzangu alisema mirathi ya Kiislamu ingemwokoa. Nilimkatalia. Binti wa kaka hana fungu maalumu kwa shangazi yake, na baba yake Lily alifilisika kabla ya kufa. Angegawiwa nini?

Nilichokipita zamani ni barua. Lily anazo barua za siri za Bertha Dorset, mwanamke aliyemfedhehesha hadharani huko Monte Carlo ili kuficha aibu yake mwenyewe. Tajiri mmoja, Rosedale, anamwambia azitumie kumbana Bertha, naye atamuoa. Njia ya kurudi kwenye fahari iko mkononi mwake, naye anafanya kazi ya kushona kofia asiyoiweza. Anazitia motoni.

Hundi ya urithi inafika. Usiku huo huo anaandika hundi ya kumlipa Trenor deni lote, kisha anakunywa dawa ya usingizi kupita kiasi. Mtunzi hasemi wazi kama alikusudia. Asubuhi Selden, mwanamume aliyempenda na kumshuku, anaona bahasha yenye jina la Trenor juu ya meza, na wivu unamshika. Mpaka alipofungua kitabu cha hundi.