Kizunguzungu cha mama: ishuku tembe kwanza

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 74 na anatumia levodopa kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson. Alipoanza kushikwa na kizunguzungu, nilimnunulia sinarizini katika duka la dawa barabara ya Tom Mboya. Miezi miwili sasa, anatetemeka zaidi na kuinuka kitini ni kazi. Je, ugonjwa umepanda?
– Msomaji, Kangemi

JIBU: Huenda ni tembe, si ugonjwa. Mgonjwa wa Parkinson amepungukiwa na dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili. Levodopa hugeuka kuwa dopamini. Sinarizini huizuia isifanye kazi. Moja inajenga, nyingine inabomoa. Prokloperazini (Stemetil) na metoklopramidi (Plasil) zina tabia iyo hiyo, na zaweza kumtetemesha hata mzee asiye na Parkinson.

Mpeleke kwa daktari wiki hii na tembe zake zote, zikiwemo za presha. Sinarizini ikiondolewa, nafuu yaweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi. Levodopa msiikatize ghafla, ni hatari.

Kisha chanzo cha kizunguzungu kitafutwe. Akishikwa anaposimama, huenda presha inashuka. Parkinson yenyewe, levodopa na dawa za presha zote huweza kuleta hali hiyo. Apimwe baada ya kulala dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, dawa zake zapaswa kuangaliwa upya. Kwa sasa anywe maji ya kutosha, na kabla ya kusimama akae kwanza ukingoni mwa kitanda.

Akiona chumba kinazunguka kila anapogeuka kitandani, kasoro huenda iko ndani ya sikio. Hiyo mara nyingi hutibiwa kwa kugeuzwa kichwa kwa utaratibu maalum, bila tembe. Betahistini haizuii dopamini, lakini haisaidii kila kisunzi, na mwenye pumu au vidonda vya tumbo huhitaji uangalifu. Kila mnaponunua dawa, mtajieni mfamasia Parkinson kabla ya kutaja kizunguzungu.

Kizunguzungu kikija ghafla na mdomo kupinda, maneno kukwama au upande mmoja kulegea, msingoje kliniki: mkimbizeni hospitali saa iyo hiyo.