Somo: Funga Mzigo Kabla ya Safari

Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay ina milima na kona. Lori likifunga breki, mzigo hutaka kuendelea mbele. Kwenye kona, huegemea upande.

Magunia 100 ya kahawa, kila moja kilo 60, ni kilo 6,000, yaani tani 6! Je, kamba moja kuukuu itazuia nini?

Basi, fanya hivi:

1. Mizigo mizito iwe chini.
2. Mzigo uguse ukuta wa mbele wa bodi. Usiache nafasi.
3. Funga pande zote kwa kamba imara au minyororo.
4. Mtikisiko hulegeza kamba. Baada ya mwendo mfupi simama, kaza tena.

Mtu asipande juu ya mzigo. Ukiporomoka, utamfunika.

Swali: Magunia 80 ni tani ngapi na kilo ngapi?