SOMO LETU: NENO "BELATEDLY" KATIKA BARUA ZA KIKUNDI

Ndugu wanakikundi, barua nyingi tunazopeleka maofisini huandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo neno moja dogo linaweza kuharibu ombi zima. Tuangalie "belatedly". Maana yake ni kwa kuchelewa, yaani jambo limefanyika lakini wakati wake umeshapita. Mbegu zikifika Garsen wakati masika imekwisha, zimefika "belatedly".

Neno hili limejengwa juu ya "late". Katika karne ya 17 Waingereza walimwita "belated" msafiri aliyeshikwa na giza njiani kabla ya kufika. Sasa hebu tazameni Kiswahili chetu. Kuchelewa kumetokana na kucha, yaani kupambazuka. Aliyechelewa ni yule ambaye kumemkuchea naye hajaondoka. Mwingereza alikamatwa na usiku, Mswahili akakamatwa na asubuhi! Mwenye shamba ng'ambo ya mto Tana haulizi maana yake: jua linamkuta jembe bado begani.

Matumizi ndiyo yenye mitego. Kina mama na vijana wengi huandika "lately" wakidhani ni kwa kuchelewa. Sivyo. "Lately" ni siku hizi za karibuni. Ukiandika "We received the seeds lately", afisa ataelewa mbegu zimefika juzijuzi tu, na malalamiko yenu yamekufa hapo hapo. Andikeni "The seeds came late", au "belatedly".

Mtego mwingine ni mkubwa zaidi. "Late" mbele ya cheo au jina la mtu ni marehemu. "Our late treasurer" si mweka hazina aliyechelewa mkutano, ni mweka hazina aliyefariki! Barua hiyo ikifika benki, saini yake itaanza kuulizwa maswali, na pesa za kikundi zitakaa.

Tena "belatedly" halisemi mmechelewa kwa siku ngapi. Mafuriko kama yale ya 2018 yakiingia mashambani nanyi mkatoa taarifa baadaye, wekeni tarehe zote mbili: ya maji kuingia na ya kuandika. Tarehe ina nguvu kuliko neno.

Na Kiingereza kikiwatatiza, andikeni Kiswahili bila wasiwasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Zoezi: Katibu asome kwa sauti barua tatu za mwisho za kikundi. Kila penye "late" au "lately", wanachama waseme afisa aliyeisoma alielewa nini.