Kujenga Nyumbani Ukiwa Mbali: Nani Anunue, Nani Ajenge, Nani Ahesabu?

Kuna swali moja limekuwa likirudi katika vikundi vyetu, na safari hii tumeona tulichukue kama somo zima. Mtoto yuko Saudia, au Qatar, au Marekani, naye anatuma pesa za kuwajengea wazazi nyumba hapa Burnt Forest. Hajui bei ya simiti ya leo. Fundi hamjui. Alipoondoka, lori la mchanga lilikuwa na bei nyingine kabisa. Kwake yeye, nyumbani kumegeuka kuwa kama nchi ya kigeni. Afanyeje ili pesa zake zisimame kama nyumba?

Pesa zenyewe si kidogo. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024. Lakini hapa kwetu jambo hili lina uzito wake zaidi ya hesabu. Nyumba zilichomwa mwaka wa 1992, zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mei 2008 Serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, iliahidi kila familia shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa aliyepoteza nyumba. Kila aliyewahi kununua mabati anajua shilingi 25,000 zinafika wapi. Wapo wazee ambao tangu wakati huo wamelala katika chumba cha mabanzi, na tumaini lao la nyumba ya mawe ni huyo mtoto aliye ng'ambo.

Tunamjua binti mmoja, ambaye ametukubalia tuseme habari zake bila jina. Alifanya kazi za nyumba Saudia kwa mikataba 2, yaani miaka 4, na kila mwezi alimtumia kaka yake pesa za ujenzi wa nyumba ya mama. Aliletewa picha kwa simu: msingi, kisha kuta, kisha paa jekundu. Aliporudi alikuta kuta zimefika kwenye madirisha, nyasi zimeota ndani ya vyumba, na mifuko 17 ya simiti imeganda kama mawe kwenye stoo. Lile paa jekundu lilikuwa la jirani.

Sisi tulipokaa na familia ile, tulitarajia kukuta mwizi. Hatukumpata. Tulimkuta kaka ambaye mtoto wake alirudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo, kisha mama akalazwa hospitali, kisha mbegu na mbolea zikahitajika kabla ya mvua. Kila mara alisema, "Nitarudisha nikivuna." Pesa zilizo mfukoni hazina alama ya kuonyesha kwamba hizi ni za mabati. Aibu ikamshika, akapiga picha ya nyumba ya mwenzake. Huyu tungemsaidia mapema kama tu asingepewa kazi 3 peke yake: kununua, kusimamia fundi, na kutoa hesabu.

Basi hilo ndilo tunalotaka lijadiliwe. Anayenunua asiwe ndiye anayejenga, na anayehesabu asiwe yeyote kati ya hao wawili. Hata wakiwa ndugu wa damu. Na hasa wakiwa ndugu wa damu, maana kwa ndugu huwezi kudai risiti bila kuonekana unamtukana, isipokuwa mmekubaliana hivyo tangu siku ya kwanza.

Kabla ya simiti, uliza shamba ni la nani

Hapa hatutakaa sana, lakini wengi wameumia. Nyumba huifuata ardhi iliyo chini yake. Ukijenga nyumba ya mamilioni kwenye hati yenye jina la mwingine, umemjengea huyo mwingine. Basi fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi ya Eldoret, mjue hati iko kwa jina la nani na kama ina deni la benki. Kama ni kipande kinachonunuliwa, na ni shamba la kilimo, kibali cha Bodi ya Ardhi kinatakiwa kiombwe katika muda wa miezi 6 tangu kuandikiana mkataba, la sivyo mkataba hauna nguvu. Kama ni shamba la baba na ndugu ni 6, wazee wakae, mpaka uonyeshwe, na maneno yaandikwe. Ramani ya nyumba nayo ipitishwe na Kaunti kabla ya kuchimba.

Vifaa: usitume pesa, tuma malipo

Njia bora tuliyoiona kwa familia zilizofaulu ni hii. Aliye mbali anaomba bei kwa maandishi kutoka hadiwea 3, mbili za hapa Burnt Forest na moja ya Eldoret. Asisahau kuuliza bei ya usafiri, kwa sababu simiti ya Eldoret inaweza kuwa rahisi dukani na ghali ikishafika kwako. Akishachagua, analipa duka lenyewe moja kwa moja, benki au kwa namba ya duka ya M-Pesa, siyo simu ya mtu. Duka linaandika risiti kwa jina la mwenye nyumba. Anayehesabu anapokea mzigo, anahesabu, anatia sahihi kwenye daftari. Pesa hazikupita mikononi mwa mtu yeyote wa nyumbani, kwa hiyo hakuna wa kujaribiwa.

Lakini kuhesabu tu hakutoshi. Hebu tuangalie vifaa vyenyewe, maana hapa ndipo tunapodanganywa mchana kweupe.

Simiti. Mfuko ni kilo 50, wenye alama ya ubora ya KEBS. Usinunue mifuko 100 kwa sababu bei imeshuka wiki hii. Huku kwetu kuna ukungu na baridi, na simiti hunyonya unyevu wa hewa hata kama haijanyeshewa. Nunua ya wiki 2 au 3, uipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Ile mifuko 17 tuliyoitaja haikuibwa na mtu. Ilikaa tu.

Mchanga. Chukua chupa iliyo wazi ya kioo au plastiki, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache hadi kesho. Udongo utakaa juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka hilo likizidi sehemu 1 kwa 12 ya mchanga, rudisha lori. Na lori la "tani 7" lipimwe pia: urefu mara upana mara kimo cha mchanga ndani ya lori. Tani 7 za mchanga mkavu ni karibu mita 4.5 za ujazo. Madereva wengine hawapendi kuona futi ya kupimia. Wazoee tu.

Vyuma. Chuma cha milimita 12, chenye urefu wa mita 12, kinatakiwa kiwe na uzito wa karibu kilo 10.6. Kama kina kilo 9, umeuziwa chembamba kwa bei ya kinene. Hadiwea nyingi zina mizani ya misumari na nyaya. Omba kipimwe hapo hapo.

Mabati. Geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Watu wengi wanadhani ni kinyume, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuwasahihisha. Soma maandishi ya kiwanda kwenye bati lenyewe, usisome ya kwenye risiti peke yake.

Mbao. Tangu Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha ikaongeza muda tena na tena, tulijifunza kwa uchungu kwamba mbao hazitoki dukani, zinatoka msituni. Bei ilipanda na watu wakaanza kupiga paa kwa mbao mbichi. Mbao mbichi ya sipresi ikikaukia juu, inajipinda na kuvuta misumari, na mvua inaingia. Mwenye nafasi anunue mbao za paa wakati msingi unachimbwa, azipange kivulini zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Kuta zikimalizika, mbao nazo zitakuwa tayari.

Kwa kalenda yetu, msingi uchimbwe kati ya Desemba na mwanzo wa Machi. Kuanza msingi katikati ya mvua ya Aprili ni kulipa watu kuteka maji kwenye shimo. Na mkumbuke kwamba baridi ya huku, toka hapa mpaka Timboroa, inachelewesha konkriti kukomaa. Fundi aliyezoea Kisumu atataka kutoa mbao za linta mapema, akatazwe. Slabu nayo imwagiliwe maji kwa siku 7, hata kama kuna mawingu.

Fundi: kaone nyumba zake wakati wa mvua

Cheti ni kizuri. Fundi mwenye gredi ya serikali kutoka NITA amepimwa kazi, na mkandarasi anatakiwa awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Uliza namba yake, uiangalie kwenye orodha yao. Lakini cheti hakitakuambia kama anakunywa mshahara wa vibarua siku ya Jumamosi. Mwambie akutajie nyumba 3 alizojenga. Anayehesabu aende huko bila yeye, aongee na mama mwenye nyumba, atazame dari kama ina alama za maji, aangalie pembe za madirisha kama zina nyufa.

Hapa tuseme jambo ambalo tunalisema kwa sauti ya chini. Baada ya yale ya 1992 na 2008, wengi wetu tunachagua fundi kwa kusikiliza jina lake. Tunaelewa hofu hiyo inatoka wapi, hatuicheki. Lakini tumeona paa linalovuja lililopigwa na mtu wa kwetu kabisa, na tumeona ukuta ulionyooka uliojengwa na jirani ambaye zamani tulikuwa hatusalimiani. Pimamaji haina kabila.

Makubaliano yaandikwe, yawe ya kazi ya mikono tu, vifaa viwe juu ya mwenye nyumba. Malipo yagawanywe kwa hatua: msingi mpaka slabu, kuta mpaka linta, paa, kisha plasta na sakafu. Hatua ikiisha ndipo inalipwa, na sehemu ya 10 ya pesa yote ibaki mpaka nyumba ipitie msimu mmoja wa mvua. Fundi mzuri atalalamika kidogo halafu akubali. Yule anayetaka nusu ya pesa kabla ya kuleta mwiko, mshukuru, mpe chai, aende zake.

Anayehesabu

Huyu ndiye watu husahau. Anaweza kuwa mwalimu aliyestaafu, mama wa kikundi cha akiba, au kijana aliyesomea ujenzi chuoni. Asifanye kazi ya bure. Apewe kiasi kinachojulikana kila wiki, maana mtu asiyelipwa hawezi kuulizwa. Kila Ijumaa ampigie aliye ng'ambo simu ya video akiwa ndani ya mjengo, azunguke vyumba vyote bila kukata, kuanzia barabarani hadi kwenye kuta, ili isije ikawa nyumba ya jirani. Ahesabu mistari ya mawe kwa sauti. Asome daftari: mifuko iliyoingia, iliyotumika, iliyobaki.

Na kaka je? Katika ile familia tuliyoitaja, kaka ndiye anayesimamia vibarua sasa, na analipwa kwa siku kama wengine. Karo imewekwa kando na dada yake, kiasi kidogo kila mwezi, mbali na pesa za nyumba. Linta zimeshafungwa. Mama bado analala kwenye mabanzi, lakini amekwisha chagua dirisha atakaloweka kitanda.

Kazi ya kikundi

Tengenezeni sanduku la mbao lisilo na chini, sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hilo ni sawa na mfuko mmoja wa simiti. Kwa slabu, mfuko 1 wa simiti huenda na masanduku 2 ya mchanga na 4 ya kokoto. Kwa mchanganyiko huo, mita 1 ya ujazo ya konkriti, ambayo ni kama futi 35 za ujazo, hula mifuko 6 na nusu hivi.

Sasa, nyumba ni futi 24 kwa 30, slabu ni ya inchi 4. Simiti itakuwa mifuko mingapi? Mkipiga hesabu vizuri mtapata karibu 44. Fundi ameandika 70. Kabla hamjamwita mwizi, pigeni tena kwa slabu ya inchi 6, mtaona inafika 66, na kidogo cha kumwagika. Kisha chukueni futi, mwende mkapime unene wa slabu yenyewe.