Kwa nini perege wako hawakui? Tujifunze kwa mama aliyewafuata ziwani



Juzi nilikwenda kwa mama mmoja kumsaidia kuvua bwawa. Alikuwa amelisha miezi nane, pumba na dagaa kila siku. Tulipovuta wavu samaki walijaa kweli, lakini wengi hawazidi upana wa vidole viwili. Mteja aliyekuja na ndoo zake akageuza pikipiki akaondoka. Niseme ukweli, kosa lilikuwa langu pia. Aliponiambia mapema kwamba samaki hawakui, nilimjibu aongeze chakula. Tatizo halikuwa chakula, samaki walikuwa wanazaana.

Niliporudi nyumbani nikafungua tena kazi za Rosemary Lowe-McConnell. Leo nataka umfahamu.

Ni nani huyu?

Alizaliwa Uingereza mwaka 1921 na kusomea Liverpool. Alianza na utafiti wa mikunga huko Windermere. Mwaka 1945 akaja Ziwa Nyasa kuchunguza perege na uvuvi wao, kazi iliyomchukua hadi 1947. Mwaka 1948 akajiunga na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki pale Jinja, Uganda. Mwaka 1953 akaolewa, na kwa taratibu za utumishi wa kikoloni mwanamke akiolewa alitakiwa kuacha kazi. Ajira aliiacha, samaki hakuwaacha. Aliendelea na utafiti hadi Guyana kule Amerika ya Kusini, akaandika vitabu kuhusu jamii za samaki wa maji baridi ya kitropiki. Alifariki mwaka 2014.

Aligundua nini kinachokuhusu wewe?

1. *Perege si samaki mmoja.* Kule Nyasa wavuvi walivua "chambo". Yeye akaonyesha kwamba ndani ya jina hilo kuna aina kadhaa zinazofanana sana. Ukitaka kuzitofautisha, angalia rangi ya dume wakati wa kuzaa, mahali wanapozalia na msimu wao.

2. *Jike hulea mdomoni.* Dume huchimba kiota chini, jike hutaga, kisha huyaokota mayai na kuyalea mdomoni. Mayai ni machache ukilinganisha na samaki wanaoyaacha majini, ila vifaranga wengi hupona. Ndiyo maana bwawa hujaa haraka.

3. *Akibanwa, huzaa angali mdogo.* Perege wa ziwa kubwa hukua kwanza ndipo azae. Yule wa vidimbwi na mabwawa huanza kuzaa akiwa mdogo sana. Nguvu ya chakula inakwenda kwenye uzazi badala ya mwili, halafu watoto nao wanakula chakula kilekile. Hapo ukiongeza pumba, unalisha wajukuu.

Ufanye nini?

- Panda madume tupu kama unawapata kwa mzalishaji unayemwamini.
- Kama huwapati, watenganishe kwa mkono wakishafika gramu 30 hivi. Mgeuze samaki, tazama chini karibu na pezi la nyuma: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Fanya asubuhi kukiwa na ubaridi, mikono iwe na maji.
- Usizidishe idadi. Kwa bwawa la kawaida la udongo, samaki 3 hadi 5 kwa mita moja ya mraba wanatosha.
- Unaweza kuongeza kambale wachache wale vifaranga. Waingie wakiwa wadogo kuliko perege wako, la sivyo watamaliza mtaji.

Jambo moja la mwisho, na ni zito

Mwaka 1955 mtaalamu huyu alieleza kisayansi, kwa mara ya kwanza, perege wa Ziwa Jipe na wa mto Pangani. Mmoja anaitwa *Oreochromis jipe*, mwingine *Oreochromis korogwe*, jina la Korogwe yetu hii. Ni samaki wa kwetu, na huyo wa Jipe yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Sato wa kufugwa akiingia mtoni huzaana na perege wa asili, na mbegu ya asili inapotea taratibu. Kwa hiyo weka wavu kwenye bomba la kutolea maji, na usimwage vifaranga vya ziada mtoni hata kama unawaonea huruma. Kausha, lisha kuku, au mpe jirani mwenye bwawa.

Yule mama tumeshakausha bwawa lake, tukaweka chokaa, na sasa ana madume tupu. Safari hii kila mwezi tunapima wachache kwenye mizani kabla mimi sijafungua mdomo kutoa ushauri.

Kazi ya wiki hii: vua samaki kumi, wageuze, hesabu madume na majike. Majike wakiwa wengi, anza kutenganisha leo. Ukikwama mwite afisa ugani wa kata yako mkafanye pamoja.

Tukutane somo lijalo.